Mwamba Ngoma Huivutia Kwake: Waamuzi wa Muziki katika Mji wa Vienna

Dominika, Misa ikiisha, watu husimama kidogo mbele ya kanisa na kuzungumza. Mmoja husema: «Leo kwaya imeimba vema.» Mwingine hujibu: «Vema namna gani? Sauti za chini zilifunika zote, na ule wimbo mpya sikuufahamu hata kidogo.» Mwalimu wa kwaya anapita karibu, naye amesikia. Ananyamaza, lakini neno limemwingia moyoni. Labda Dominika ijayo atafundisha vizuri zaidi. Labda ataacha kabisa kufundisha nyimbo mpya.

Basi, wasomaji wapenzi, katika miji mikubwa ya Ulaya kazi ya wasemaji hao ni kazi ya mshahara. Kuna mtu wa gazeti ambaye jioni huenda kusikiliza muziki, kisha huandika: hiki ni kizuri, hiki ni kibaya, na sababu ni hizi. Tumwite mchambuzi wa muziki, maana kazi yake yafanana na ya mama achambuaye maharagwe katika ungo: mabovu huyatupa, mazima huyaweka. Lakini mama akichambua gizani, atatupa na mazima pia. Leo tunataka kuwasimulia habari za Vienna, mji mkuu wa Austria, na za watu wawili walioishi humo miaka mia na zaidi iliyopita: mchambuzi mmoja mwenye nguvu na mtungaji mmoja mnyenyekevu. Tutaona namna neno la gazeti linavyoweza kumwinua mtu au kumwangusha, na namna miaka inavyokuja kuwahukumu waamuzi wenyewe.

Mji uliopenda muziki

Zamani Vienna ilizungukwa na kuta nene za vita. Mwishoni mwa mwaka 1857 Kaisari Franz Joseph aliamuru kuta hizo zibomolewe, na mahali pake ikatengenezwa barabara pana izungukayo mji, jina lake Ringstrasse. Kando ya barabara hiyo zikajengwa nyumba kubwa kubwa, na mojawapo ilikuwa nyumba ya opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji huimba maneno yao, na kundi kubwa la wapigaji huwafuata kwa fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma. Nyumba hiyo ilifunguliwa tarehe 25 Mei 1869 kwa opera ya Mozart iitwayo Don Giovanni. Mwezi wa Januari 1870 ikafunguliwa nyumba nyingine ya muziki, iitwayo Musikverein, na hata leo humo hupiga kundi la Wiener Philharmoniker, lililoanzishwa mwaka 1842.

Watu wa Vienna walizungumza juu ya muziki kama sisi tunavyozungumza juu ya mvua na mavuno. Walikaa katika nyumba za kahawa, wakasoma magazeti, wakabishana. Na nguvu ya mabishano hayo ilionekana hata kabla opera haijafunguliwa.

Wajenzi wa nyumba ile walikuwa marafiki wawili, Eduard van der Nüll na August Sicard von Sicardsburg. Kazi ilipokuwa imekwisha anza, barabara iliyo mbele ikainuliwa karibu mita moja, na jengo likaonekana kana kwamba limezama katika udongo. Kosa halikuwa lao. Lakini watu wa mji na magazeti wakalicheka, wakaliita sanduku lililozama. Van der Nüll akakata tamaa, akajiua tarehe 4 Aprili 1868. Mwenzake Sicardsburg akafa mwezi wa Juni mwaka uleule. Wote wawili hawakuuona mlango ukifunguliwa. Nyumba hiyo iliungua kwa mabomu ya vita tarehe 12 Machi 1945, na watu wa mji, ijapokuwa walikuwa maskini wakati ule, wakaijenga tena, ikafunguliwa tarehe 5 Novemba 1955. Leo ni fahari yao. Na wale walioandika mizaha juu yake, nani anayekumbuka majina yao?

Mwana sheria aliyependa nota

Mchambuzi tuliyemtaja ni Eduard Hanslick. Alizaliwa Prague mwaka 1825, akasoma sheria, lakini muziki alifundishwa tangu utoto. Mwaka 1854 alitoa kitabu kidogo juu ya uzuri katika muziki. Siku zile wengi walisema kwamba kazi ya muziki ni kueleza furaha, huzuni na upendo. Hanslick akajibu: muziki waweza kweli kutuamshia furaha au huzuni, lakini uzuri wake unakaa ndani ya sauti zenyewe, jinsi zinavyopangwa, zinavyopanda na kushuka, na kujibizana. Ni kama nyumba: watu huweza kulia ndani yake au kucheka, lakini fundi huipima kwa kuta zake na paa lake. Kitabu kile kinasomwa na kubishaniwa mpaka leo.

Mwaka 1856 alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Vienna, na tangu mwaka 1864 aliandika katika gazeti la Neue Freie Presse. Makala zake zilitiwa katika ukurasa wa kwanza, chini ya mstari uliozitenga na habari za siasa. Aliandika kwa lugha nyepesi, yenye akili na mzaha. Watu wengine walingoja kumsoma Hanslick asubuhi, ndipo wajue kama muziki waliousikia jioni iliyopita ulikuwa mzuri.

Tusifanye haraka kumlaumu. Hanslick hakujificha, aliandika kwa jina lake mwenyewe. Alizijua nota, akatoa sababu za maneno yake. Tena alijua kuwasaidia watu wasiojulikana. Katika nchi ya Bohemia palikuwa na mtungaji maskini, Antonín Dvořák, mtoto wa mchinjaji wa nyama. Mwaka 1875 huyu alipewa fedha za serikali za kuwasaidia watungaji, na Hanslick alikuwa mmoja wa waamuzi wa msaada huo. Mwezi wa Novemba 1877 Hanslick alimwandikia barua ya kumtia moyo, akamshauri amwendee Johannes Brahms. Brahms akampeleka kwa mpiga chapa wake, na jina la Dvořák likaenea ulimwenguni. Shikeni vizuri mwaka huo wa 1877, maana tutaurudia.

Ubao na chokaa

Hanslick alipokuwa kijana alimpenda mtungaji Richard Wagner. Mwaka 1846 aliandika makala ndefu ya kuisifu opera yake Tannhäuser. Lakini baadaye njia zao zikaachana. Wagner alitaka muziki, mashairi na mchezo viwe kitu kimoja. Hanslick aliona kwamba kwa namna hiyo muziki unafanywa mtumwa wa maneno. Yeye alimpenda Brahms, aliyefika Vienna mwaka 1862 na kutunga kwa kufuata njia za wazee. Basi mji ukagawanyika: hawa wa Wagner, wale wa Brahms. Ndivyo isemwavyo: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Wagner alijibu kwa silaha yake mwenyewe. Alitunga opera iitwayo Die Meistersinger von Nürnberg, iliyochezwa mara ya kwanza Munich mwaka 1868. Ndani yake yumo karani mmoja, Beckmesser, ambaye mgeni akiimba, yeye hukaa mahali pa kujificha na kuandika makosa kwa chokaa juu ya ubao. Hasikilizi wimbo, husikiliza makosa tu. Mwaka 1861, Wagner alipokuwa akiupanga mchezo huo, jina la karani yule aliliandika Hanslich. Hapakuwa na haja ya kuuliza amemkusudia nani.

Lakini Wagner hakutosheka na mzaha. Mama yake Hanslick alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1869 Wagner alitoa tena kijitabu chake cha kuwatukana Wayahudi, akaongeza maneno ya kumshambulia Hanslick kwa ajili ya ukoo wake. Hapo uchambuzi wa muziki ulikwisha, ikabaki chuki tu. Twajua chuki ya namna hiyo ilizaa nini katika nchi zile baada ya miaka sabini.

Hata hivyo opera yenyewe ina neno la hekima. Hans Sachs, mshona viatu na mtunga nyimbo, anawaambia wenzake mabingwa kwamba kanuni za kuimba ni njema, ila mara moja kwa mwaka yafaa kuwaachia watu wote waamue, ili ijulikane kama kanuni zingali hai. Neno hilo liliwafaa Wagner na Hanslick wote wawili.

Mwalimu wa shule na kinanda chake

Sasa twende kwa mtu wa pili. Anton Bruckner alizaliwa mwaka 1824 katika kijiji cha Ansfelden. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Alipofariki mwaka 1837, mtoto akapelekwa katika monasteri ya Sankt Florian kuwa mwimbaji, na huko akakipenda kile kinanda kikubwa cha kanisa. Akawa mwalimu wa shule kama baba yake, kisha mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz. Alikuwa mtu mzima, naye alisoma tena kama mtoto: tangu mwaka 1855 mpaka 1861 alijifunza kwa mwalimu Simon Sechter wa Vienna, hasa kwa barua. Mwaka 1868, baada ya Sechter kufariki, aliitwa Vienna kufundisha mahali pake.

Alikuwa mtu wa sala sana. Katika vitabu vyake vidogo vya tarehe aliandika kila siku sala alizozisali. Wanafunzi wake walisimulia kwamba kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, aliacha somo, akapiga magoti. Alivaa suruali pana za shamba na kusema kwa lafudhi ya kijijini. Watu wa mji walimcheka. Lakini akikaa mbele ya kinanda, hakuna aliyecheka.

Mwanzoni Hanslick alimwona vema. Mwaka 1872 Misa yake kubwa ilipoimbwa katika kanisa la Mtakatifu Augustino, Hanslick alikuwa na maneno mema juu yake. Mambo yalibadilika Bruckner alipoanza kuonyesha kwamba anampenda Wagner. Mwaka 1873 alikwenda Bayreuth kumtolea simfonia yake ya tatu kama zawadi. Simfonia ni utungo mrefu wa kundi zima la wapigaji, bila waimbaji, kwa kawaida wenye sehemu nne. Kwa watu wa Vienna zawadi ile ilikuwa bendera: sasa walijua yuko upande gani. Mwaka 1874 Bruckner aliomba kufundisha katika chuo kikuu, na Hanslick akapinga. Mwaka 1875 ombi likakubaliwa, lakini mwanzoni bila mshahara.

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1877

Simfonia ile ya tatu ilikuwa ipigwe Vienna, na kiongozi wa wapigaji awe Johann Herbeck, rafiki wa Bruckner. Herbeck akafa ghafula mwezi wa Oktoba 1877. Hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo, basi Bruckner akaongoza mwenyewe, ingawa hakuwa na mazoea ya kuongoza kundi kubwa. Tarehe 16 Desemba, katika ukumbi wa Musikverein, watu walianza kutoka sehemu ya kwanza ikiisha. Wengine walicheka. Kila sehemu ilipokwisha wakatoka wengine. Alipomaliza na kugeuka, aliona viti vitupu. Wapigaji wenyewe walikusanya vyombo vyao upesi, wakaenda zao.

Walibaki vijana wachache tu, wanafunzi. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 17, jina lake Gustav Mahler. Walimkaribia mzee wamfariji. Akaja pia mpiga chapa mmoja, Theodor Rättig, akasema yuko tayari kuipiga chapa simfonia ile kwa fedha zake, naye akatimiza neno lake.

Hanslick aliandika nini? Aliandika kwa adabu. Alisema hapendi kumwumiza mtungaji, kwa kuwa anamheshimu kama mtu na kama fundi, ila simfonia hii hakuifahamu. Ndugu zetu, tazameni: siku chache kabla ya hapo mkono uleule uliandika barua iliyomfungulia Dvořák mlango. Mchambuzi alikuwa yuleyule, mwenye elimu ileile na masikio yaleyale. Aliyempenda alimsikia, na aliyekuwa upande wa pili hakumsikia.

Woga ulivyofanya kazi

Miaka ikapita. Tarehe 30 Desemba 1884 simfonia ya saba ya Bruckner ilipigwa Leipzig chini ya Arthur Nikisch, na mwezi wa Machi 1885 Munich chini ya Hermann Levi. Huko Munich watu walishangilia sana. Bruckner alikuwa na miaka 60. Wapigaji wa Vienna sasa wakataka kuipiga. Na yeye alifanya nini? Mwezi wa Oktoba 1885 aliwaandikia barua akiwasihi wasiipige, kwa sababu aliogopa kwamba wachambuzi wa Vienna wataiharibu sifa yake mpya katika Ujerumani. Fikirini: mtungaji anaomba mji wake usipige muziki wake! Hata hivyo ikapigwa mwezi wa Machi 1886. Watu walimwita mbele mara nyingi kumpigia makofi, na Hanslick, ambaye hakuipenda, alilazimika kuyaandika makofi hayo katika gazeti. Watu husimulia kwamba Kaisari alipomwuliza Bruckner anataka zawadi gani, alijibu: «Mumkataze Hanslick kuniandika vibaya.» Kama ni kweli au ni hadithi tu, yaonyesha mawazo ya watu wa siku zile.

Lakini jeraha kubwa lilikuwa la ndani. Bruckner hakujiamini tena. Alizirudia kazi zake, akakata, akabadili. Simfonia ya tatu tunayo katika sura za mwaka 1873, 1877 na 1889. Mwaka 1887 Levi, rafiki yake, alipomwambia kwamba hakuielewa simfonia ya nane, mzee alisikitika sana, akaanza upya. Akazifanyia kazi tena zile za zamani, hata nguvu zikamwisha, na simfonia ya tisa hakuimaliza. Wanafunzi wake waliompenda, ndugu Franz na Josef Schalk na Ferdinand Löwe, nao walitia mikono yao: wakakata kurasa, wakabadili vyombo, ili wachambuzi wasipate la kusema. Adui alimtia woga, na rafiki kwa huruma akamaliza kazi ya adui.

Wala upande wa Wagner haukuwa na mikono safi. Tangu 1884 mpaka 1887 mtungaji kijana Hugo Wolf alikuwa mchambuzi wa gazeti la Wiener Salonblatt. Alimsifu Wagner na Bruckner, akamtukana Brahms juma kwa juma bila kiasi. Mwaka 1886 utungo wake mwenyewe ulijaribiwa na Wiener Philharmoniker, na wapigaji wakacheka naye akiwa anawasikia. Aliyepanda mzaha alivuna mzaha. Nao Brahms na Wolf, leo twawasikiliza wote wawili kwa furaha, wala hatuoni ugomvi kati ya nyimbo zao.

Miaka imeamua

Mwaka 1891 chuo kikuu cha Vienna, kilekile kilichomkataa, kilimpa Bruckner heshima ya udaktari. Tarehe 18 Desemba 1892 simfonia yake ya nane ilipigwa Vienna. Hanslick alitoka kabla ya sehemu ya mwisho. Hakuisifu, lakini akaeleza wazi jinsi watu walivyoshangilia na kumletea mtungaji mataji ya majani. Kwa neno hilo tunamheshimu: hakuficha yale yaliyompinga.

Bruckner akafariki tarehe 11 Oktoba 1896, akazikwa Sankt Florian, chini ya kinanda alichokipenda utotoni. Brahms akamfuata mwezi wa Aprili 1897, na Hanslick mwaka 1904. Yule kijana Mahler aliyebaki ukumbini akawa mkuu wa opera ya Vienna tangu 1897 mpaka 1907. Na tarehe 2 Aprili 1932, huko Munich, simfonia ya tisa ilipigwa mara mbili katika jioni moja: kwanza kama Löwe alivyoibadili, kisha kama Bruckner alivyoiandika. Waliosikia walitambua kwamba mzee alijua alichokuwa akifanya. Tangu hapo nota zake zenyewe zikaanza kurudishiwa heshima yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, tuseme basi kwamba wachambuzi hawana faida? Hapana. Bila Hanslick labda Dvořák angekawia sana kujulikana, na watu wa Vienna wasingejifunza kuuliza sababu. Mji usio na mchambuzi hula maharagwe pamoja na mawe. Lakini kwa habari hizi twajifunza mambo matatu. La kwanza, usihukumu wimbo kwa sababu ya rafiki za mtungaji. La pili, ukiwa hukuufahamu, sema «sikuufahamu», kisha rudi ukausikilize tena. Hanslick alisema neno hilo la kwanza mwaka 1877, lakini la pili hakulifanya. La tatu, sema kosa ili litengenezwe, wala usimtie mwenye kosa woga wa kutunga tena.

Nawe, mwalimu wa kwaya, uliyekosa usingizi kwa ajili ya maneno uliyoyasikia mbele ya kanisa, tuna neno kwako pia. Likiwa la kweli, lipokee, uzitengeneze zile sauti za chini. Lakini ule wimbo mpya usiutupe. Jioni ile ya mwaka 1877 watu karibu wote walitoka, na wale wachache waliobaki ndio walioona sawa.